Kushuka kwenye lori: jinsi ya kuchagua mwezi wako

Madereva wenzangu hapa Kisumu wakiniuliza niliamuaje kustaafu, swali la kwanza huwa ni umri. "Mzee, ulingoja sitini?" Sikungoja, niliacha nikiwa na miaka 58. Ile 60 inayotajwa kila mahali ni ya watumishi wa serikali. Katika kampuni ya mtu binafsi unafuata mkataba wako, na mikataba ya madereva wengi wala haisemi lolote kuhusu umri. Kwa hivyo usijisumbue kwanza na mwaka. Chagua mwezi, kwa sababu mwezi ndio wenye karo, mvua na mzigo wa Krismasi.

Mimi nilikuwa nasambaza bidhaa za duka: unga, mafuta ya kupikia, chumvi, sabuni. Bohari iko Kisumu, mzigo mwingine tunaufuata Nakuru, kisha tunashusha Luanda, Yala, Ugunja hadi Busia, au tunapanda Mamboleo kwenda Kiboswa, Majengo, Mbale na Kakamega. Nyumbani kwetu ni Vihiga, na shamba halifiki ekari moja, kama mashamba mengi ya huko.

Kalenda yangu ilikuwa hivi. Novemba na Desemba kila duka linajaza stoo, safari zinaongezeka na posho ya kulala nje inaingia. Dereva anayeacha kazi Oktoba ameacha pesa mezani. Januari ni karo, tena ile nzito yenye sare na madaftari juu yake, nayo ilipwe na mshahara, kiinua mgongo kisiguswe. Machi kwetu watu wanapanda mahindi. Basi nikataka mshahara wangu wa mwisho uwe wa Februari: posho za Desemba nimepata, muhula wa kwanza umelipiwa, mbegu na mbolea ziko ndani, na wiki ya kwanza ya kukaa nyumbani nina jembe mkononi. Mwenye shamba upande wa Njoro au Molo anaweza kusogeza kidogo, mvua yao ina saa zake. Asiye na shamba na ambaye watoto wamemaliza shule achague tu mwezi ambao hadaiwi.

Sasa hesabu ya nyumbani, na hapa nataka twende polepole, maana hapa ndipo nimeona madereva wazuri wakikwama.

Dereva akiulizwa anatumia kiasi gani kwa mwezi, anatoa slipu ya mshahara. Slipu haijui chakula cha familia yake kinatoka wapi. Familia ya dereva inakula barabara. Ukitoka Nakuru unasimama kwenye njia panda ya Molo, unabeba gunia la viazi kwa bei ya shambani na kabichi tatu juu yake. Ukishuka Ahero unachukua mchele. Ukirudi Kisumu unapitia kwa mama wa omena unayemfahamu miaka yote. Mwenye duka Luanda anakupa mkungu wa ndizi kwa kuwa uliwahi kumletea mzigo usiku wakati wengine walikataa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kwenye slipu. Siku ukishuka kwenye lori, viazi vinaanza kupimwa kwa gorogoro sokoni na mke wako anashangaa pesa zinaenda wapi.

Fanya hivi. Kaa na mama watoto, mchukue daftari la shule lililobaki kurasa, na kwa mwezi mzima muandike kila kilichoingia nyumbani kutoka safarini, kisha mkiwekee bei ya Kibuye au ya soko lenu. Andikeni pia posho ya safari ile ambayo haikufika nyumbani kwa sababu uliila njiani; hiyo haitahitajika tena, itoeni. Halafu muanze majaribio ungali kazini. Kwa miezi mitatu, nyumba iendeshwe kwa kiasi kile tu mnachotarajia baada ya kustaafu: kodi ya chumba kimoja mlichojenga mkapangisha, maziwa, mchango wa mtoto anayefanya kazi kama anautoa bila kukumbushwa. Mshahara wote unaobaki uende Sacco. Na usibebe viazi. Nyumba ikifika tarehe 25 bila kukopa dukani, uko tayari. Ikikwama tarehe 12, umejua ungali na mshahara. Pesa za watoto ambazo huja kwa kupigiwa simu usizihesabu, hata kama ni watoto wazuri.

NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, nayo inaweza kukushauri ubaki, na mara nyingine ushauri huo una haki. Mpaka mwanzoni mwa 2023 wengi wetu tulikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Hiyo ni 4,800 kwa mwaka, na 96,000 kwa miaka ishirini kabla ya riba. Kuanzia Februari 2023 sheria ya 2013 ilipoanza kutumika, makato yakawa asilimia 6 kwako na asilimia 6 kwa mwajiri, na kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kikapandishwa kila Februari: 18,000, kisha 36,000 mwaka 2024, kisha 72,000 mwaka 2025. Chukua dereva wa mshahara wa 35,000. Anakatwa 2,100, mwajiri anatoa 2,100, jumla 4,200 kwa mwezi, yaani 50,400 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa sasa unaweka akiba kushinda miaka kumi ya zamani. Tulilalamika sana makato hayo yalipoanza, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kulalamika, lakini kwa mtu wa miaka 56 mwenye afya, miaka miwili zaidi ina uzito ambao haikuwa nao zamani.

Kabla hujaamua, toa taarifa ya michango yako uikague mwezi kwa mwezi. Tafuta mapengo, hasa miaka ya mwajiri wa kwanza ambaye pengine alikata bila kupeleka. Uliza pia sehemu ya pili ya mchango, ile ya juu ya kiwango cha chini, inaenda NSSF au kampuni yako iliipeleka kwenye mfuko mwingine wa pensheni, maana utadai sehemu mbili tofauti. Mafao ya uzeeni ni kuanzia miaka 60, na kuna njia ya kustaafu mapema kuanzia 50. Ukifika ofisini kwao waulize ni kiasi gani utapewa kwa mkupuo na kipi kitabaki kama pensheni, kisha uandike jibu pale pale.

Kwenye maegesho ya malori utasikia pia habari ya "sevisi", siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi. Usiiweke kwenye hesabu kabla ya kusoma mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inamwondoa kwenye malipo hayo mwanachama wa NSSF. Utaipata ikiwa mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaitoa. Nimeona mtu amemwahidi fundi mabati kwa pesa hiyo.

Kuhusu mwili sitasema mengi, maana kila mtu anaujua wake na kila mtu anaudanganya. Ila kuna mtu mmoja wa kuuliza: utingo wako. Yeye anaona kama unashuka kwa kuruka au kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Beli la unga lina kilo 24. Akianza kukupokea kabla hujafungua mdomo, ameshakuona. Muulize mkiwa wawili, umwambie ajibu bila heshima. Wangu alicheka kwanza, halafu akasema, "Mzee, Kericho usiku kukiwa na ukungu siku hizi unanyamaza." Nilijua anachosema. Tangu lori lilipovamia watu kando ya barabara pale Londiani Junction, njia hiyohiyo ya Kericho, mwezi Juni 2023 na kuua zaidi ya watu 50, mimi sikuwa nachukulia njia ile kama kawaida, na dereva anayeendesha kwa woga na dereva anayeendesha kwa usingizi wote wawili hawafai usiku.

Nenda pia upimwe macho, presha na sukari. Watu wa kwetu tuna bahati, Sabatia iko karibu, nayo ina hospitali ya macho. Kama taa za gari linalokuja zinakuacha huoni kitu hata baada ya gari kupita, inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo unafanyiwa upasuaji. Usistaafu kwa sababu ya kitu kinachotibika. Na kama mwili umekataa kabla ya mwezi wako kufika, omba njia ya mchana ya mjini au kazi ya bohari ufikie mwezi huo. Meneja mwenye akili atakubali, kwa kuwa unajua kila duka linalolipa na kila duka linalozungusha.

Sacco ina mtego wake. Akiba yako haitoki ikiwa umemdhamini mwenzako na mkopo wake haujaisha. Mwaka mmoja kabla, acha kudhamini. Sema unastaafu, watakuelewa. Wale uliokwisha kuwadhamini waombe wakutafutie mbadala, na notisi ya kutoka uipeleke mapema, Sacco nyingi hutaka siku 60.

Halafu kuna Probox, ile gari ndogo ya abiria na mizigo. Kila dereva anayestaafu ana ndoto ya kununua Probox au kanta kuukuu aajiri kijana. Matairi, bima, ukaguzi, na kijana ambaye kila jioni ana hadithi mpya. Sisi tunajua hadithi hizo, tulizitunga wenyewe. Kwa pesa hiyo ningeongeza ng'ombe wa gredi na majani ya nepia kabla ya kugusa gari. Leseni ihuishe, hiyo haina hasara. Ukiitwa skwadi, yaani kumshikia mwenzako zamu siku mbili wakati anauguza, nenda ukitaka. Lakini ikiwa bajeti yako inahitaji skwadi kila wiki, bado hujastaafu, umepoteza tu slipu.

Barua ya kuondoka iandike "ninastaafu", usiandike "ninajiuzulu", kwa kuwa baadhi ya mikataba inalipa tofauti. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba umetaja zaidi. Hesabu siku za likizo ulizobakiza. Haki yako kwa mwaka si chini ya siku 21 za kazi, na zile hukuchukua zidai kwa maandishi, usizidai kwa mdomo getini.

Bima ya afya usiisahau. Ukiwa kwenye orodha ya mishahara, asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa yenyewe kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii. Ukitoka, utapimwa upya kama mtu asiye na ajira rasmi na utatakiwa kulipa mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Weka pesa ya mwaka wa kwanza kando kabla ya slipu ya mwisho. Zile 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ni kuanzia miaka 70, kwa hivyo bado zina safari.

Siku ya mwisho rudisha funguo, kadi ya mafuta, vitabu vya delivari na pesa zote za maduka, na kila kimoja kisainiwe kwenye karatasi unayobaki na nakala yake. Upungufu wa stoo una tabia ya kumwangukia mtu ambaye hayupo. Cheti cha utumishi kidai siku hiyohiyo. Ni haki yako kisheria, na kinataja kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Usikubali kuambiwa upitie wiki ijayo. Kaa kwenye benchi la ofisi mpaka kichapwe, na ukikipata angalia namba ya kitambulisho kabla ya kutoka getini.