Kupima kasi ya povu la godoro kwa ndoo moja

Polioli (kimiminika kizito, malighafi kuu ya povu), maji na TDI (toluini diisosianati, kemikali inayoungana na vyote viwili) vikikutana, mimenyuko miwili huanza kwa pamoja. TDI na polioli hukaza mchanganyiko. TDI na maji hutoa kabonidioksidi, povu likaumuka. Gesi ikitangulia mno, povu hupasuka au kubwagika. Ukazaji ukitangulia, vitundu hubaki vimeziba na povu husinyaa likipoa. Jaribio hili litakuonyesha upi umetangulia kabla hujaharibu bechi nzima.

Hatua ya 1. Mvuke wa TDI huweza kukuachia pumu ya kudumu. Fungua madirisha, washa feni ya kutoa hewa nje, vaa miwani, glavu na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Ya kitambaa ni mapambo tu.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Polioli gramu 100 yenye namba ya hidroksili 56 (kipimo cha wingi wa sehemu zake zinazoshikana na TDI) inahitaji TDI gramu 8.7. Mlaji mkubwa ni maji: kila gramu hula TDI gramu 9.7, hivyo maji gramu 4 yanataka 38.7. Jumla 47.4, ongeza asilimia 5, pima karibu gramu 50.

Hatua ya 3. Acha kemikali zote zifike nyuzi 25. Usiruke hapa: joto likipanda nyuzi 10, kasi inaweza kukaribia maradufu, na vipimo vya asubuhi havitalingana na vya mchana.

Hatua ya 4. Koroga polioli, maji, silikoni (ya kushikilia vitundu) gramu 1 na amini (kichocheo cha kutoa gesi) gramu 0.2. Kichocheo cha bati (cha kukaza), gramu 0.2, kitie mwishoni kwa bomba la sindano, maana kikikaa na maji kinakufa. Mimina TDI, washa saa, koroga kwa nguvu sekunde 6, kisha mwaga kwenye ndoo ya lita 10. Ndogo zaidi itafurika.

Hatua ya 5. Andika sekunde: mchanganyiko unapopauka, kijiti kinapoanza kuvuta nyuzi, povu linapoacha kupanda na vitundu vya juu kupumua.

Hatua ya 6. Rudia ukibadili kichocheo kimoja tu. Limepasuka? Ongeza bati kidogo. Limesinyaa? Punguza bati. Linachelewa kupauka? Ongeza amini kidogo.

Vipande vya majaribio visirundikwe vikiwa bado na moto ndani. Na TDI iliyoingiwa na maji usiifungie chupani: gesi itaendelea kutoka mpaka chupa ipasuke.