Kujenga reli ndogo ya mita geji: njia, kiberenge na stesheni ya Kigoma juu ya ubao

Anayetaka kujenga mfano wa Reli ya Kati hukutana na kikwazo kabla hata hajashika msumeno. Treni ndogo nyingi zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa njia ambayo umbali kati ya reli zake mbili, yaani geji, ni milimita 1,435, na yetu, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ni ya milimita 1,000. Ukinunua seti ya nje ukaipaka rangi za hapa, jicho la mtu aliyekulia karibu na stesheni litagundua mara moja kwamba njia ni pana kupita kiasi.

Dawa yake ni hesabu ya kugawanya. Geji ya mfano iliyoenea kuliko zote ni milimita 16.5. Gawanya 1,435 kwa 87 unapata 16.5, ndiyo maana wenzetu wa nje hujenga kwa kipimo cha 1:87. Sasa gawanya 1,000 kwa 60: unapata 16.67. Tofauti ni chini ya milimita 0.2, haionekani. Kwa hiyo jenga kwa 1:60 juu ya njia ya 16.5, na mita geji yako itakuwa na sura yake halisi. Mita moja ya kweli inakuwa milimita 16.7, behewa la mita 18 linakuwa sentimita 30. Na siku ukitaka kuweka SGR, reli mpya ya milimita 1,435, pembeni, geji hiyohiyo inatumika kwa 1:87.

Uamuzi wa pili ni umeme. Mifano mingi hupitisha umeme kwenye reli zenyewe, na gurudumu huuchukua hapo. Kwa Tabora ya kiangazi siushauri mfumo huo. Vumbi jembamba likitua juu ya reli, injini inasimama kila hatua mbili na unabaki kufuta reli badala ya kuendesha treni. Weka betri ndani ya injini. Ukifanya hivyo huhitaji tena kuzitenga reli mbili, na hilo linarahisisha kila kitu: mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, yanaweza kuwa ya chuma, na pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili, zinajengwa bila kuhofia shoti. Zaidi ya yote, treni inaendelea kutembea umeme ukikatika.

Njia

Nunua fimbo za kuchomelea kwa gesi, zile za chuma zilizopakwa shaba, unene milimita 2.4, urefu mita moja. Zimenyooka, na ile shaba ya juu hupokea lehemu vizuri. Waya wa uzio wa koili achana nao. Hata ukiunyoosha hubaki na mawimbi.

Mataruma yakate kwenye makopo ya mafuta ya kula au ya maziwa ya unga. Reli ya Kati ina mataruma ya chuma, kwa hiyo bati hapa ndiyo malighafi sahihi kabisa. Kata vipande vya upana milimita 6 na urefu 32, kisha kunja milimita moja kila upande kuelekea chini. Unabaki na taruma la upana wa milimita 4 lenye umbo la mfereji uliopinduliwa. Yapange kila milimita 12. Mita moja ya njia hula mataruma 83 hivi. Fundi bati anayetengeneza vibatari ana mkasi wa kazi hii, na kwake utapata pia asidi ya kulehemia.

Kabla ya kulehemu, mpelekee fundi wa kukereza vyuma kazi ya vipimio vitatu: vipande vya brasi vya duara, kila kimoja na mifereji miwili ya upana milimita 2.4, umbali wa katikati hadi katikati ya mifereji ukiwa 18.9. Ukivikalisha juu ya fimbo mbili, nafasi ya ndani kati yake itakuwa 16.5 kamili. Usitegemee rula. Rula hudanganya kwa nusu milimita, na nusu milimita inatosha kuangusha behewa.

Tumia pasi ya kulehemu ya wati 60 na waya wa lehemu wa 60/40. Lehemu reli ya kwanza juu ya mataruma yote ikiwa imebanwa kwenye ukingo ulionyooka. Reli ya pili ilehemu huku vipimio viwili vikiwa pande mbili za taruma unalolishughulikia. Usifuate mataruma kwa mpangilio: ruka, lehemu kila la sita, halafu rudi ujaze yaliyobaki. Ukienda moja kwa moja, joto hujilimbikiza, reli inatanuka, na ikipoa njia yote inajikunja kama ndizi. Ukimaliza, osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa mswaki, anika. Asidi ikibaki, kutu itatokea ndani ya wiki moja, na Kigoma kwenye unyevu wa ziwa hata mapema zaidi. Kazi ya asidi ifanyie nje au dirishani. Moshi wake si wa kuvuta.

Kona zipinde kwa kuzungusha fimbo kwenye kipande cha plaiwudi kilichokatwa duara. Chuma hurudi nyuma kidogo baada ya kuachiwa, kwa hiyo kwa kona ya nusu kipenyo sentimita 60 pindia kwenye umbo la 50 au 52. Kwenye kona yenyewe ongeza geji kufikia 16.8. Injini ndogo za magurudumu manne hupita hata kona ya sentimita 25, lakini mabehewa marefu hayawezi. Mwenye nia ya kuendesha treni ya abiria baadaye asishuke chini ya 60. Kati ya kipande na kipande acha pengo la nusu milimita. Plaiwudi huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na njia isiyo na pengo hunyanyuka katikati.

Gurudumu, mahali ambapo kila kitu huharibika

Treni ikianguka, watu hulaumu njia. Mara nyingi kosa liko kwenye gurudumu. Mwagizie fundi wa kukereza magurudumu ya brasi yenye kipenyo cha milimita 16 sehemu inayokanyaga reli, ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli uwe wa kipenyo cha 18 (yaani kina cha milimita 1), unene wa ukingo 0.7, na upana wote wa gurudumu 3.5. Sehemu inayokanyaga iwe na mteremko mdogo wa nyuzi 3 kuelekea nje. Huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati ya njia. Pembe ya ndani, ukingo unapokutana na sehemu inayokanyaga, iwe na mviringo kidogo. Ikiwa kali, gurudumu hupanda reli kwenye kona.

Ekseli zipo bure. Fungua deki ya DVD iliyokufa: zile fimbo mbili zinazong'aa ambazo lenzi huteleza juu yake, nyingi zina kipenyo cha milimita 3. Pima kwanza kwa kalipa, kisha mwambie fundi atoboe magurudumu yabane kwenye fimbo hiyo, yaingie kwa kusukumwa na jiliwa na si kwa gundi.

Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja uwe 14.4. Hiki ndicho kipimo cha kurudia kupima kuliko vyote. Sababu iko kwenye pointi: pale ncha ya reli mbili inapokutana, gurudumu moja linashikwa mgongoni na reli ya ulinzi upande wa pili ili lenzake lisigonge ncha. Nafasi ya kupitisha ukingo ikiwa 1.2, umbali kutoka reli ya ulinzi hadi kwenye ncha ni 15.3. Migongo 14.4 ukijumlisha unene wa ukingo 0.7 unapata 15.1, linapita. Ukiacha migongo ifike 14.8, jumla ni 15.5, na kila treni itagonga ncha na kupanda. Hakuna kupaka grisi wala kuongeza uzito kutakakoponya hilo.

Pointi ya kwanza ijenge kwa uwiano wa 1:6: njia mbili zinaachana milimita 1 kwa kila milimita 6. Chora kwenye karatasi kwa kipimo kamili, gundisha karatasi juu ya ubao, lehemu juu yake. Ulimi wa pointi, yaani reli inayosogea kuelekeza treni, unolee kwa tupa hadi wembamba wa kucha, na uunolee upande unaoegemea reli ya nje, kamwe si upande ambao ukingo wa gurudumu unapita.

Kiberenge kwanza

Usianze na injini ya dizeli ya boji mbili, yale makundi ya magurudumu yanayogeuka chini yake. Kiberenge cha wakaguzi wa njia kina magurudumu manne na ni kifupi. Ndicho pia kitakachokuonyesha kila kasoro ya njia yako.

Mwili uwe milimita 75 kwa 48, wa plaiwudi ya milimita 3 au bati. Umbali wa ekseli na ekseli 36. Mota tumia ile ndogo yenye gia aina ya N20, ya volti 6 na mizunguko 300 kwa dakika. Kwa betri ya volti 3.7 itazunguka kama 185, na kwa gurudumu la milimita 16 hiyo ni sentimita 15 na nusu kwa sekunde. Zidisha kwa 60 utaona ni sawa na kilomita 33 kwa saa, mwendo wa kiberenge kweli. Ukichukua mota ya mizunguko 1,000 utapata kitu kinachoruka mezani.

Laza mota katikati ya ekseli mbili, shafti yake ikiwa sambamba nazo. Kwenye shafti yake weka puli yenye mifereji miwili, na kwenye kila ekseli puli ya mfereji mmoja, zote zenye kipenyo cha milimita 7 chini ya mfereji. Mikanda ni oringi za mpira zenye kipenyo cha ndani milimita 16 hadi 17, unene 1.5; wauzaji wa vipuri vya pampu wanazo. Mkanda ukiwa umebana sana mota hupata moto na betri huisha haraka. Ukilegea kiberenge huteleza kwenye mlima. Usiguse mkanda kwa mafuta. Oili ya cherehani, tone moja, ni ya kwenye matundu ya ekseli pekee.

Mkanda una faida nyingine juu ya gia. Gari la magurudumu manne lililokazwa kote haliwezi kukanyaga njia yenye tofauti ya hata nusu milimita: gurudumu moja hubaki hewani na kuacha reli. Kwa hiyo ekseli ya nyuma ikaze, ya mbele ibebe kwenye kipande kinachobembea juu ya pini moja katikati, milimita moja kila upande. Oringi hufuata mbembeo huo. Gia zingekatika meno. Fanya hivyohivyo kwa mabehewa yako yote ya ekseli mbili.

Betri ya simu ya kiswaswadu, BL-5C, ina upana wa milimita 34 na urefu 53. Inakaa chini ya paa bila taabu. Ichaji kwa kibao cha kuchajia cha TP4056, lakini jua kwamba kibao hicho hutoka dukani kikiwa kimepangwa ampea 1, nyingi mno kwa betri ndogo. Badilisha rizista yake ya 1.2k kwa 3k na chaji itashuka hadi milliampea 400. Betri iliyovimba usiitumie hata kama bado inawasha.

Mwendo na kurudi nyuma hufanywa na swichi ya njia mbili yenye miguu sita. Anayetaka kuongoza kwa simu aweke ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, na kiendeshi cha mota DRV8833, ambacho hufanya kazi kuanzia volti 2.7. Kiendeshi cha L298N kinachouzwa kila mahali hakifai hapa: kinakula karibu volti 2 chenyewe, na betri ya 3.7 haibakizi kitu.

Uzito: fikisha gramu 100 kwa vipande vya risasi za nyavu, ambazo kwa wavuvi wa Kigoma hazikosekani, ukizibana chini kabisa ya sakafu. Nawa mikono baada ya kuzishika. Behewa la sentimita 12 liwe na gramu 80 hadi 90. Jepesi kuliko hapo huvutwa nje ya kona. Mlima usizidi sentimita 2 kwa kila mita.

Ubao na ramani

Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, ya milimita 9 au 12, ukiipasua kwa urefu mara tatu unapata mbao za upana wa sentimita 40. Mbili zinatosha kwa Kigoma. Hiyo ndiyo stesheni ninayoipendekeza kuliko Tabora, kwa sababu ni mwisho wa reli: njia zote zinaishia hapo, na kila treni inayoingia inaleta kazi. Injini imefika ikiwa mbele, inabidi ikatwe, izunguke kwa njia ya pembeni, ije kushika mkia. Kwa hilo unahitaji pointi mbili na nafasi ya sentimita 90 kati yake. Ongeza pointi ya tatu kwenda bandarini. Tabora, penye njia za kwenda Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam, ni tamu kuiendesha lakini inadai chumba kizima.

Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ina urefu wa mita 71 hivi; kwa kipimo chetu ni sentimita 118. Jenga tezi au omo peke yake ikichomoza ukingoni mwa ubao.

Fremu ifanye kwa mbao za 2 kwa 1, na chini ya plaiwudi paka oili chafu kabla ya kufunga. Miguu ya meza iweke ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, maana mchwa wakishapata njia ya kupanda, utagundua siku pointi itakapozama. Kokoto ni changarawe iliyochekechwa kwa kichujio cha chai, iliyomwagiwa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Usimwage kwenye ndimi za pointi. Hapo weka kokoto kavu chache kwa kibano, moja moja.