Namna ya kupata stop oda ya koti kabla ukuta haujafika lenta

Umeamka umekuta lori limemwaga mchanga na kokoto kwenye kiwanja chenu cha Kisauni, mafundi washaanza kuchimba msingi, ukiwauliza wakuambia tumetumwa na mwenyewe. Wengi wetu Mombasa tukifika hapo twakimbilia kwa chifu na wazee wa mtaa, vikao vyaitwa, wiki yapita, na mjengo wapanda. Vikao si vibaya lakini havimzuii fundi, kinachomzuia ni oda ya koti na hio yataka mbio.

Siku hio hio piga picha: msingi, lori na namba yake, ubao wa kontrakta kama upo. Fanya sachi ofisi ya ardhi ujue kiwanja saa hii kiko kwa jina la nani, alafu kusanya makaratasi yote, hati, agrimenti, risiti. Na sisi hapa tuna zile nyumba bila ardhi, jengo lako lakini kiwanja cha mwengine, kwa hivyo risiti za kodi ya kiwanja zitafute hata kama zimechakaa, ndio ushahidi wako huo.

Sasa nenda kwa wakili. Stop oda haiji peke yake, lazima kuwe na kesi yenyewe, kwa hivyo atapeleka hati ya madai, ombi la zuio (ndio stop oda yenyewe kwa lugha ya koti), cheti cha dharura cha kuonyesha jambo haliwezi kungoja, na afidaviti yako, yaani maelezo yako ya kiapo. Mashamba na viwanja huenda Koti ya Mazingira na Ardhi, ama kwa hakimu kama thamani yake haipiti uwezo wake, hakimu mkuu mwisho ni milioni 20.

Jaji atapima kwa vipimo vilivyowekwa na kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: je, una kesi yenye mashiko, je, usipozuiliwa mjengo utapata hasara ambayo pesa haiwezi kuifidia, na akibaki na shaka anatazama nani ataumia zaidi. Hapo pa hasara ndipo wengi huanguka, manake kama unachodai ni pesa tu utaambiwa subiri ulipwe. Eleza kwa nini kiwanja hiki na si chengine, kama pana makaburi ya wazee wenu ama ndio makao yenu, sema.

Na afidaviti, tafadhali sana, sema kweli yote. Zuio asili yake ni Uingereza, watu walioshindwa kupata haki kwa sheria za kawaida walimwendea Lord Chancellor na yeye akitazama dhamira ya mtu, ndio mpaka leo jaji anataka uje na mikono safi. Mara ya kwanza utasikizwa peke yako, mwenzako, yule anayejenga, hayupo kujitetea, kwa hivyo kama ndugu yako alishapokea dipoziti kutoka kwake, kama kulikuwa na kesi nyengine, weka humo hata kama inakuuma. Ukificha na yeye akaja nayo, oda yaweza kufutwa hata kama kiwanja ni chako kweli. Kuchelewa pia kunakuumiza, ukikaa miezi ukitazama ghorofa likipanda jaji atakuuliza dharura iko wapi. Na waweza kutakiwa uahidi kumlipa mwenzako hasara yake ukishindwa, uliza wakili mapema.

Ukipewa oda usiende nyumbani kulala! Ile ya kusikizwa peke yako haizidi siku 14, na lazima mwenzako apelekewe ndani ya siku 3, la sivyo yaanguka yenyewe. Ipelekwe na mtu aliyeidhinishwa kupeleka hati za koti, naye aandike afidaviti kwamba alimkabidhi nani, wapi na saa ngapi. Wakiendelea kujenga usipigane na mafundi, piga picha tena urudi kotini, anayevunja oda aweza kufungwa hadi miezi 6 na mali yake kushikwa.

Kama anayejenga ni serikali mambo ni tofauti, zuio la kawaida halipatikani dhidi yake, hapo wakili huenda kwa Katiba kifungu cha 23 ikiwa haki zako za kikatiba zimeguswa.

Alafu msukume wakili kesi yenyewe isikizwe, manake hata zuio lililotolewa baada ya pande zote kusikizwa huisha baada ya miezi 12 kama kesi haijaamuliwa, isipokuwa koti iseme vyengine.