Kitenzi cha Kiingereza na kihusishi chake: mwongozo kwa anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili

Mtu aliyesoma Kiingereza shuleni na anayekitumia kazini kwa kawaida hakosi msamiati. Kinachomwangusha ni vile vineno vifupi, "of", "with", "from", "for", "to" na "on", vinavyofuata kitenzi au nomino. Chanzo kikubwa cha tatizo kimo katika lugha yetu wenyewe, kwa kuwa Kiswahili hubeba uhusiano wa aina hiyo ndani ya kitenzi: "andika" huzaa "andikia", "iba" huzaa "ibia", na pale ambapo mnyambuliko hautoshi, "kwa" na "na" humalizia kazi. Kiingereza hakina kauli ya kutendea, hivyo kila kitenzi huja na kihusishi chake au huja bila kihusishi chochote. Mimi huhariri barua, ripoti na habari za Kiingereza zinazoandikwa na watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kuwafundisha waandishi wapya.

Hatua ya kwanza: andika kitenzi pamoja na muundo wake

Katika daftari lako usiandike kwamba "provide" ni "kutoa" ukaishia hapo. Andika "provide sb with sth", ambapo "sb" husimama badala ya mtu na "sth" badala ya kitu. Vifupisho hivi utavikuta katika kamusi zinazotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, na ni sehemu ya kamusi ambayo wengi huiruka ili kukimbilia maana. Utaratibu wa kuonyesha miundo ya vitenzi una historia ndefu: Mwingereza A. S. Hornby, aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, alitunga pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ambayo iligawa vitenzi katika miundo 25. Huna haja ya kuikariri yote 25, lakini ukikuta kitenzi kina miundo miwili, iandike yote miwili. Tunasema "The council provided the schools with desks", na pia "The council provided desks for the schools". Ukibadilisha mpangilio wa mtu na kitu, kihusishi nacho hubadilika. Vivyo hivyo, "blame sb for sth" hugeuka kuwa "blame sth on sb".

Hatua ya pili: jiulize kama kitenzi kinakubali yambwa mbili

Kwa Kiswahili "alinieleza tatizo" ni sentensi kamili, kwa hiyo mwandishi huandika "He explained me the problem", na hapo amekosea. Vitenzi kama "give", "send", "show", "tell" na "lend" hukubali mtu na kitu vifuatane bila kihusishi: "She sent me the report". Vitenzi kama "explain", "describe", "announce", "suggest" na "introduce" hukataa. Kitu hutangulia, kisha mtu hufuata baada ya "to": "He explained the problem to me". Ipo dalili moja inayosaidia, ingawa si sheria: vitenzi vifupi vya asili ya Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha ambamo Kiingereza chenyewe kimo, hukubali yambwa mbili kwa wepesi, ilhali virefu vilivyotoka Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa, mara nyingi hukataa. "Promise" na "offer" huvunja dalili hiyo, maana "They offered him a job" ni sahihi kabisa.

Hatua ya tatu: panga vitenzi kwa ukoo wa vihusishi

Vitenzi vya kumpatia mtu au kuweka kitu mahali huelekea "with": "supply", "equip", "fill", "entrust". Vya kumnyang'anya au kumwondolea huelekea "of": "rob", "deprive", "relieve", "cure". Vya kuzuia huelekea "from": "prevent", "discourage", "protect", na kitenzi kinachofuata kihusishi hicho huchukua "-ing", kwa hiyo ni "The rain prevented us from leaving", wala si "prevented us to leave". Vya shukrani, lawama na adhabu huelekea "for".

Mahali ambapo koo hizi hugongana ni katika habari za mahakamani, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu neno letu "kwa" hufunika tofauti zote. Kwa Kiswahili mtu hukamatwa kwa wizi, hutuhumiwa kwa wizi, hushtakiwa kwa wizi, hutiwa hatiani kwa wizi na hufungwa kwa wizi. Mwandishi akizitafsiri zote kwa "for", habari nzima huharibika. Kiingereza husema hivi: "He was arrested for stealing a bicycle", kwa kuwa "for" hutaja sababu ya kukamatwa. Tuhuma huchukua "of": "He was accused of stealing a bicycle". Shtaka rasmi huchukua "with": "He was charged with theft". Akikiri kosa, "He pleaded guilty to theft". Akitiwa hatiani, tunarudi kwenye "of": "He was convicted of theft". Hukumu huwa na vihusishi viwili, kimoja cha adhabu na kingine cha kosa: "He was sentenced to two years in prison for theft". Ninamshauri kila mwandishi wa habari za mahakamani azibandike sentensi hizi sita juu ya meza yake, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu zinafuata safari ya kesi yenyewe.

Hatua ya nne: geuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa

Jaribio hili hufichua makosa ambayo hayakuonekana awali. Kihusishi hakipotei sentensi inapogeuzwa: "The school was provided with desks", "The patient was operated on yesterday". Hiyo "on" ya mwisho huachwa mara nyingi sana, na sentensi hubaki ikining'inia. Angalia pia nani anayeruhusiwa kuwa kiima. Sisi tunasema "nimeibiwa simu" na "tulielezwa utaratibu" bila taabu, lakini "I was stolen my phone" na "We were explained the procedure" hazikubaliki. Kwa "steal", kinachoibwa ndicho kiima: "My phone was stolen". Kwa "rob", kiima ni aliyeporwa: "I was robbed of my phone", ingawa "rob" hudokeza nguvu au vitisho, kwa hiyo haifai kwa simu iliyochomolewa mfukoni bila mwenyewe kujua.

Hatua ya tano: usihamishe kihusishi cha nomino kwenda kwenye kitenzi

Makosa mengi yanayosikika katika Kiingereza cha Afrika Mashariki yanaelezeka hapa. Nomino "discussion" huandamana na "about" au "of", "request" ikiwa nomino huandamana na "for", na "emphasis" huandamana na "on". Vitenzi vyake havihitaji chochote: "We discussed the budget", "She requested leave", "The minister emphasized the need for clean water". Anayeandika "discussed about", "requested for" au "emphasized on" amekisikia kihusishi kwenye nomino akakipeleka kwenye kitenzi. Jozi nyingine za kuandika daftarini ni "answer a question" na "an answer to a question", "visit Mombasa" na "a visit to Mombasa", "lack money" na "a lack of money", "enter the port" na "entry into the port". Iko pia njia ya kinyume, ambapo kitenzi kimoja chetu hudai kihusishi kwa Kiingereza: kusubiri ni "wait for", kusikiliza ni "listen to", kutegemea ni "depend on".

Hatua ya sita: kagua rasimu kwa kompyuta

Ukimaliza kuandika, fungua sehemu ya kutafuta maneno katika programu unayotumia, utafute "discuss", "request", "emphasize", "explain" na "prevent", moja baada ya jingine, ukisoma neno linalofuata kila mara. Kwa "request" simama kidogo na uamue kama ni kitenzi au nomino kabla ya kufuta "for", maana "a request for funds" ni sahihi, ilhali "we request for funds" si sahihi. Kisha tafuta "for" peke yake katika habari yoyote yenye neno "court", uihakiki kwa zile sentensi sita.