Ligi ya gofu ya klabu kwa klabu: mambo ya kuzingatia kabla hamjapanga timu

Kapteni, kama klabu yenu inaingia ligi msimu huu, kabla hujaanza kupigia watu simu soma kwanza masharti ya mashindano, yote, mpaka kile kipengele cha mwisho cha sare inaamuliwaje. Wengi wanadhani kazi ni kuokota wale wanane wakali, kumbe fomati, yani mtindo wa kucheza, ndo inayochagua timu.

Anza na pointi zinatoka wapi. Mechi plei haihesabu mikwaju ya raundi nzima, inahesabu mashimo, yani ukipiga 9 umepoteza shimo moja tu, unasonga mbele. Mtindo wa Ryder Cup (timu ya Ulaya na ya Marekani) ni ushindi pointi 1, sare nusu, mechi ziko 28 na ukifika 14.5 kombe lenu, kwa hiyo kushinda kwa mashimo mengi au kwa shimo moja ni sawasawa tu. Ila kuna ligi zinatoa pointi tatu kila mechi, moja ya mashimo tisa ya kwanza, moja ya tisa ya mwisho, moja ya mechi nzima, na hapo ndo watu wanaumia, maana mtu kapigwa, mechi imeisha shimo la 13 kwa sababu kazidiwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki, anapeana mkono anaenda zake klabuhausi wakati tisa za mwisho yuko nyuma shimo moja tu na pointi bado ipo pale! Waambie mapema, tena kwa maandishi.

Halafu mapea. Kama ni fosamu mpira ni mmoja mnapiga kwa zamu, mmoja anapiga tii, yani mkwaju wa kuanza, kwenye mashimo ya namba witiri mwingine ya shufwa, mkwaju wa adhabu haubadilishi zamu, na mkikosea zamu shimo limeenda. Kwa hiyo chukua skokadi, kadi ya uwanja, uangalie pa 3 (mashimo mafupi ya mikwaju mitatu) zimekaa namba gani, anayepiga fimbo za chuma vizuri umpe upande huo. Foboli ni tofauti, kila mtu na mpira wake na inahesabiwa skoo bora, ndo maana napenda kumuweka mtulivu mmoja na mmoja anayethubutu. Ukiwa Nairobi Pasaka nenda klabu ya Royal Nairobi kwenye mashindano ya Tannahill Shield uone klabu zinavyopambana kitimu, utajifunza mengi.

Hendikapu sasa, yani mikwaju unayopewa kulingana na uwezo wako. Indeksi, namba ya uwezo wako kwa jumla, sio unayochezea. Unazidisha indeksi kwa slopu ya uwanja (ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida), unagawa kwa 113, unaongeza reti ya uwanja (skoo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) ukitoa pa (mikwaju iliyowekwa ya uwanja mzima). Mfano indeksi 14.6, slopu 128, reti 71.3, pa 72, unapata 16. Baada ya hapo inategemea fomati, kawaida singo, mmoja kwa mmoja, ni asilimia 100 ya hiyo hendikapu, foboli 90, fosamu nusu ya jumla ya wawili, mfano nyie 16 na 9, wao 11 na 6, mnapewa mikwaju 4 kwenye mashimo manne magumu zaidi ya kadi. Ukitaja hendikapu kubwa kuliko yako ikakupa mikwaju isiyo haki, na usirekebishe kabla mpinzani hajapiga, umeondolewa mechini, basi.

Mengine haraka haraka. Fimbo mwisho 14, ukizidisha unakatwa shimo kwa kila shimo ulilokosea, yasizidi mawili. Ukichelewa muda wa kuanza kwa dakika zisizozidi 5 umepoteza shimo la kwanza, ukizidi hapo umetolewa. Ukishamwachia mpinzani puti, yani umekubali mkwaju wake wa kuingiza mpira bila kuupiga, huwezi kurudi nyuma. Na mwenzako wa timu anayecheza mechi nyingine sio patna wako (mwenzako wa pea), ukimuuliza kapiga chuma gani umepoteza shimo, ushauri ni kwa patna na kedi, anayekubebea fimbo, tu labda masharti yamruhusu mshauri wa timu, hili watu wetu wanalisahau sana kwa sababu tumezoea kupiga stori.

Mwisho kila mchezaji awe na namba ya simu ya msimamizi, kwa sababu ukiona tatizo la sheria lazima useme hapo hapo, mmoja wenu akishapiga tii ya shimo linalofuata malalamiko hayo hayasikilizwi tena.