Matendo madogo yanayoambukizana: jinsi ya kuliinua duka dogo

Chema chajiuza, husemwa. Lakini duka dogo zuri laweza kufungwa huku kila aliyewahi kuingia akilisifu, kwa sababu sifa alikwenda nazo nyumbani. Hakumwambia jirani, hakurudi wiki iliyofuata, na ramani ya simu iliendelea kuwaambia watu kwamba duka hufungwa saa kumi jioni ilhali liko wazi hadi saa mbili usiku. Mwongozo huu ni wa wateja na wenye maduka wanaotaka sifa hizo zifike kwenye kaunta.

Tendo gani huambukiza, na hufika wapi

Tendo huenea likiwa na mambo matatu: linaonekana, linaweza kufanywa leo, na linamwachia mwenzako jambo la kufanya. Kusema "tuyaunge mkono maduka madogo" hakumwachii mtu kitu. Lakini ukisema "zipu ya koti ikiharibika usilitupe, lile duka la nyuzi lina fundi anayebadilisha siku hiyo hiyo", umemwachia. Aliyesikia atalikumbuka siku zipu yake itakapokwama, naye atalirudia neno hilo hilo kwa mwingine.

Hata hivyo usitegemee mnyororo huo uende wenyewe milele. Tuseme watu 10 wanaanza, kila mmoja anawaambia wawili, na katika kila wanne wanaoambiwa mmoja anakwenda dukani. Raundi ya kwanza inaleta watu 5, ya pili 2 au 3, ya tatu mmoja, kisha basi. Jumla ni kama watu 20, pamoja na wale 10 wa mwanzo. Ndiyo maana kampeni nyingi huwaka wiki mbili na kuzimika, na waanzilishi wakadhani watu hawajali. Watu wanajali, hesabu ndiyo ilivyo. Kila mtu akileta pungufu ya mtu mmoja, mnyororo hukatika. Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili: kuongeza wanaokubali, kwa kumwalika mtu mmoja unayemjua kuhusu kitu anachokihitaji badala ya kutuma ujumbe kwa kundi zima, na kuwafanya wale 20 warudi. Watu 20 wanaorudi mara mbili kwa mwezi ni manunuzi 480 kwa mwaka. Hilo ndilo linalolipa kodi ya pango.

Anza na dakika tano za simu

Fungua ramani, litafute duka, kagua vitu vinne: alama imekaa kwenye mlango halisi, saa za kufungua ni sahihi pamoja na za sikukuu, namba ya simu inapatikana, na aina ya biashara imeandikwa sawasawa. Penye kosa, tuma pendekezo la marekebisho, lakini muulize mwenye duka kwanza. Saa za kubahatisha ni mbaya kuliko kutokuwepo kabisa. Mteja aliyekuta mlango umefungwa mara mbili harudi mara ya tatu.

Kisha andika maoni. "Huduma nzuri sana" haimsaidii anayetafuta. Taja ulichonunua, shida iliyotatuliwa, na jambo ambalo mgeni hawezi kulijua: "Nilipeleka skrubu moja ya bawaba ya kabati la zamani, akapata inayolingana kwenye droo za nyuma. Huuza mojamoja, si lazima ununue pakiti. Asubuhi hakuna foleni." Mtu anayetafuta skrubu ya bawaba atakuja kwa sababu ya sentensi hizo. Ongeza picha ya rafu, maana watu hutaka kujua kilichomo kabla ya kutoka nyumbani.

Hapa watu wema hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuandika maoni 30 kwa siku moja baada ya kuhamasishana. Mifumo ya majukwaa huyashuku mafuriko hayo na huweza kuyafuta yote, ya kweli pamoja na ya kuiga. Mawili au matatu kwa wiki yanatosha. Ya pili ni mwenye duka kutoa zawadi au punguzo kwa anayeandika maoni. Google inakataza hilo, na Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya tume ya biashara ya shirikisho inakataza kununua na kuuza maoni ya uongo. Kuomba maoni kunaruhusiwa. Kuyalipia, Google hairuhusu. Na ukikuta kasoro, mwambie mwenyewe kwanza; duka dogo hurekebisha siku hiyo hiyo jambo ambalo kwenye kampuni kubwa lingepita mikono sita.

Nunua kwa namna inayosaidia

Msaada unaoanza kwa kuomba punguzo huumiza. Chukua bidhaa inayouzwa 100, ambayo duka liliinunua kwa 75. Faida ghafi ni 25. Punguzo la asilimia 10 linaishusha hadi 15: muuzaji amepoteza asilimia 40 ya faida yake. Alipokuwa akiuza vipande 3 kupata 75, sasa lazima auze 5. Mwenye duka anayetaka kuvutia wateja afikirie kwanza kutoa kitu kisichogusa bei: kupima bure, kufunga vizuri, kubadilisha bidhaa bila maswali ndani ya siku saba.

Mteja naye ana mengi ya kufanya. Nunua siku zilizodorora badala ya siku ya msongamano, muuzaji apate muda wa kukuhudumia na fedha ya kupita katikati ya wiki. Agiza kupitia kwake kitu asicho nacho, na ulipe sehemu mapema, kwa kuwa mtaji wake umelala kwenye rafu na hawezi kukuagizia kwa kubahatisha. Ukiagiza, kachukue. Bidhaa iliyoagizwa kwa ajili yako na kuachwa dukani ni hasara iliyovaa jina lako. Kukopa kwa nia njema pia kuna mpaka: duka linalomwuzia kila jirani kwa deni huishiwa mtaji huku daftari likiwa limejaa majina ya marafiki.

Siku ya manunuzi ya pamoja

Mwaka 2008, San Francisco, Brent Schulkin alianzisha Carrotmob, mpango wa wateja kwenda kununua pamoja kwenye duka moja lililotoa ahadi. Maduka yaliulizwa ni sehemu gani ya mauzo ya siku moja yangetumia kupunguza matumizi ya umeme. Lililoahidi asilimia 22 ndilo lililopelekewa wanunuzi. Mwaka 2011 huko Buffalo, jimbo la New York, Chris Smith aliwaalika watu waende pamoja kwenye duka dogo na kila mmoja anunue kitu kwa bei ya kawaida. Wazo likanakiliwa miji mingi kwa sababu halihitaji bajeti wala kibali cha mtu, ila siku na saa.

Zungumza na mwenye duka wiki tatu kabla. Kumshtukiza kunaonekana kuzuri kwenye picha, lakini rafu zikiwa tupu baada ya watu 15, waliobaki huondoka na kumbukumbu mbaya. Mpe makadirio ya watu, naye aongeze bidhaa za bei ndogo na ya kati, maana wengi watakuja na kiasi walichokipanga. Aandae chenji, mifuko, na msaidizi mmoja.

Halafu piga hesabu ya kaunta. Mteja mmoja akichukua dakika 3 kulipa, kaunta moja huhudumia 20 kwa saa. Watu 60 wakifika saa nne kamili, wa mwisho atalipa saa saba. Wagawe: majina ya A hadi H saa nne, I hadi M saa tano, waliobaki saa sita. Kwa duka la chumba kimoja, 60 kwa siku ni wengi vya kutosha. Wakizidi, tafuta duka la pili.

Mwombe mwenye duka naye atoe ahadi ndogo, kama ile ya San Francisco: kufungua hadi jioni siku moja zaidi, kuweka njia ya viti vya magurudumu, kuleta bidhaa ambayo watu wamekuwa wakiikosa. Ahadi hiyo hugeuza siku kuwa makubaliano, na huwapa wanunuzi sababu ya kurudi kuona kama imetimizwa. Kabla ya kuondoka, kila mmoja atazame rafu zote na achague kitu kimoja atakachokirudia. Wengi hupanga kila kitu isipokuwa hilo.

Kadi kati ya maduka

Tendo lenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yetu, hufanyika pale muuzaji anaposema "hatuna". Kwa kawaida mteja hutoka na kununua mtandaoni. Lakini muuzaji akiongeza "nenda mlango wa tatu, mwambie nimekutuma", duka la pili limepata mteja na la kwanza limepata shukrani.

Yaunganishe maduka matatu hadi matano yasiyouza kitu kimoja. Kila duka lichapishe kadi 50 za rangi yake, ukubwa wa kadi ya biashara, zenye jina la duka na mstari mtupu. Mteja anapokosa kitu, muuzaji anaandika kwa mkono "kamba nyeusi za viatu" na kumpa. Duka linalopokea linaitumbukiza kadi kwenye boksi. Mwisho wa mwezi wote wanahesabu kwa rangi.

Kadi zikibandikwa kwenye kila risiti huishia chini barabarani. Zitoke tu palipo na hitaji. Na duka likipokea 20 na kutuma 2, msiharakishe kulilaumu. Mara nyingi mwenye duka alihudhuria kikao, ila msaidizi anayesimama kaunta siku nzima hakuambiwa lolote. Mwelezeni yeye.

Vocha ya kumlipia ajaye

Mteja analipia kitu ambacho mtu mwingine, asiyemjua, atakichukua. Wekeni viwango viwili tu, kidogo na cha kati. Daftari liwe na safu nne: namba, tarehe ya kulipwa, kiasi, tarehe ya kutumika. Fedha ikae kando na mauzo, kwa kuwa ni deni la duka hadi vocha itumike. Ikichanganywa, mwezi mbaya utaila. Vocha zisizotumika zikifika 20, simamisheni kupokea nyingine hadi zipungue.

Hulundikana kwa sababu moja: aibu. Ubao wa vocha uwe karibu na mlango, mbali na kaunta, na mtu abandue mwenyewe. Msaidizi asimwulize shida yake wala asimshukuru mfadhili kwa sauti mbele yake. Aipokee kama fedha taslimu.

Kupima

Baada ya siku 30 muulize mwenye duka swali moja: katika waliokuja siku ya manunuzi ya pamoja, wangapi amewaona tena? Kwa anayetaka kufuata fedha zaidi kuna LM3, kipimo cha jinsi fedha inavyozunguka karibu na duka, cha taasisi ya New Economics Foundation ya London. Duka likiingiza 100, likatumia 60 kwa watu na biashara za karibu, na hao nao wakatumia 30 kati ya hizo karibu vilevile, jumla ni 190. Gawanya kwa 100, jibu ni 1.9. Kisha kaeni na daftari la matumizi mtafute kitu kimoja kinachonunuliwa mbali ambacho fundi wa karibu anaweza kukifanya: mifuko, vibao, ukarabati wa rafu. Kihamisheni hicho, mpime tena baada ya miezi mitatu.