Lori la mafuta likiingia kituoni, piga dipu mwenyewe

Kituo ninachosimamia kiko Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa. Malori hutufikia kutoka maghala ya Kurasini, mara nyingi alfajiri kabla ya foleni. Saa hiyo dereva ana haraka na wewe una usingizi. Nanawa uso kwanza, ndipo natoka.

Lori liegeshwe likitazama njia ya kutokea, injini izimwe. Simamisha pampu zinazovuta kwenye tanki linalojazwa. Sogeza mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga, kisha waondoe bodaboda, wavuta sigara, na mama ntilie mwenye jiko la mkaa, hata kama ni jirani yako wa miaka yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa chini na kuingia mtaroni, na moto unaweza kuukuta mbali na lori.

Waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, ufungwe kabla ya mpira wowote, na kibanio kishike chuma kitupu, si rangi. Mafuta yakitiririka huzalisha umeme tuli, na cheche yake inaweza kuwasha mvuke.

Sasa kupima, na hapa naomba mdogo wangu unayeanza kazi unisikilize. Ukiambiwa "tanki liko tupu", usikubali. Piga dipu, yaani zamisha dipstiki, kijiti cha kupimia, hadi chini ya tanki uone kina cha mafuta, kisha soma jedwali la tanki hilo hilo linalogeuza kina kuwa lita. Tanki letu la petroli ni la lita 30,000. Silipitishi asilimia 97, yaani 29,100, maana mafuta yakipata joto hutanuka. Dipu ikisoma 11,600, nafasi niliyonayo ni lita 17,500. Lori likija na chemba mbili, yaani vyumba vya mafuta ndani ya tanki la lori, za lita 9,000 kila moja, zimezidi.

Yalinikuta hayo. Dereva akasema, "Dada, zitaingia tu." Ni kweli, jumla ni 29,600 na kwa hesabu hayamwagiki. Lakini unabakiwa na lita 400, na dipu ikikosea kidogo tu, petroli iko juu ya sakafu. Nilipokea chemba moja, ya pili ikarudi. Bosi alinuna siku mbili. Ningefanya vilevile leo.

Kagua lakiri za chemba, yaani mihuri inayoonyesha kuwa hazijafunguliwa njiani, namba zilingane na hati ya mzigo. Chota sampuli kwenye chupa angavu, itazame na uinuse. Kisha dereva ataje kwa sauti mafuta ya chemba, nawe utaje ya tundu la kujazia. Petroli ikiingia kwenye tanki la dizeli, dizeli hiyo itashika moto kirahisi, na magari ya wateja yataharibika.

Msimu wa masika paka dawa ya kutambua maji ncha ya dipstiki. Maji hukaa chini ya petroli, na dawa hubadilika rangi.

Mpira uunganishwe kwanza upande wa tanki, halafu upande wa lori. Koki ikifunguliwa, wewe na dereva msibanduke, hata chai isubiri. Mkimaliza, fungeni koki, chomoeni upande wa lori kwanza, mwinue mpira ili masalia yaingie tankini. Yaliyomwagika yafunike mchanga. Usiyasukume mtaroni kwa maji.

Acha mafuta yatulie, piga dipu tena, andika daftarini, funga kifuniko kwa kufuli. Pampu zifunguliwe baada ya lori kuondoka.